Kuta Zisizofika Juu

Tarehe 3 Septemba

Mdogo wangu Kijiti,

Michoro yako imefika, imekunjwa vizuri, haina hata doa la mafuta, tofauti na mikono ya huku itakayoishika. Nimeitandaza sakafuni ukumbini, nikaweka tofali kila pembe, nikaizunguka pekupeku kama mwenye nyumba. Umechora vizuri. Nasema mara moja tu, usitegemee nirudie.

Kwa kuwa uliondoka hapa na suruali fupi, nikukumbushe hali ilivyo. Kiwanda kina miaka kumi na mmoja tangu kifungwe. Mashine za kufumia zimeuzwa kama chuma chakavu, zimebaki alama zake tu: mistari ya mafuta meusi sakafuni na matundu ya boliti. Baraza la mji limetupa jengo kwa sharti moja. Likaguliwe na lipite kabla mwaka haujaisha. Lisipopita, anapewa yule mwenye maghala, na keshakuja mara mbili kupima mlango kama lori lake litaingia. Watoto mia tatu na arobaini wanasoma kwa zamu katika vyumba vitatu vya kupanga nyuma ya soko, na Mwalimu Mkuu akifundisha anashindana na mashine ya kusaga nafaka. Ukitaka kujua nani kwa kawaida anashinda, ni mashine.

Sasa ugomvi wangu na michoro yako. Umepandisha kuta zote mpaka paani. Umelisahau paa lile, Kijiti. Ni la meno ya msumeno, na kila jino lina vioo upande mmoja. Mwanga unaingia kwa juu na kushuka ukumbi mzima. Kuta zikifika juu, madarasa manne kati ya manane yatakuwa mapango, na popo ndio watakaosoma. Basi nimezikata. Mita mbili na nusu, mwisho. Watoto wanapata mwanga, nami naokoa zaidi ya theluthi ya tofali.

Darasa la sita nimeliweka pale ilipokuwa mashine yangu. Sababu unaijua. Niliacha shule nikiwa darasa la sita, katikati ya muhula, kwa sababu nafasi ilipatikana kiwandani na wewe ulikuwa unaanza la kwanza. Sikulaumu. Nakumbusha tu, maana wenye shahada ni wepesi wa kusahau.

Usipige simu duka la vifaa. Mwenye duka ananiita mtaa mzima unasikia, na simu yenyewe inakoroma kama mzee. Andika.

Dada yako,
Fundi Mkuu wa jengo


Tarehe 12 Septemba

Dada, shikamoo.

Suruali ile fupi ulinishonea wewe, kwa kitambaa kilichokataliwa kiwandani kwa sababu mistari yake ilipinda. Nilitembea nayo miaka miwili nikiwa nimeinama upande. Sijasahau.

Kuhusu mwanga, umenishika pabaya. Nililichora paa kwa kumbukumbu ya mtoto aliyekuwa akisubiri getini na chakula chako cha mchana, na mtoto wa getini haoni vioo. Hapo nimekosea.

Lakini kuna sauti, dada. Madarasa manane chini ya paa moja la bati na vioo, na kuta zinaishia juu kidogo ya kichwa cha mtu mrefu. Sauti itapanda, itagonga paa, itamshukia jirani. Watoto wa tatu watahesabu kwa majibu ya watoto wa nne. Mkaguzi hawezi kulifumbia macho hilo. Nakuomba, ukimaliza la pili na la tatu simama hapo kwanza. Weka kelele upande mmoja na watu wa kusikiliza upande wa pili.

Nilikupigia Jumamosi ingawa ulikataza. Ulipokea, ukasema "sawa, sawa", ukakata. Sijui sawa ya nini, maana nilikuwa nimeuliza swali. Kama una kinyongo na mimi, kitoe tukione.

Mdogo wako,
Kijiti


Tarehe 28 Septemba

Kijiti,

Nimejaribu. Mimi sibishi na kitu kabla ya kukipima.

Darasa la pili niliingiza mafundi watano, mmoja anagonga bati kwa nyundo, wanne wanaimba, na hao wanne hata ukiwalipa wasiimbe wataimba. Darasa la tatu nikawaketisha wanawake sita, migongo ukutani. Sikuokota watu barabarani. Nilichagua watu wanaoijua kelele kuliko yeyote katika mji huu: wenzangu wa mashine, waliofanya kazi ndani ya ukumbi huu huu si chini ya miaka kumi na minane kila mmoja. Bi Sindano alikuwepo, na Bi Mbio, na yule tuliyekuwa tukimwita Meneja kwa sababu alikuwa na saa.

Baada ya robo saa nikaingia, nikasimama mbele yao, nikauliza: mmesikia nini?

Bi Sindano akasema, "Kwani mmeshaanza?"

Bi Mbio tulimkuta amelala. Meneja alisema labda kulikuwa na upepo. Sita kwa sita, Kijiti. Asilimia mia. Nimeagiza kuta zote nane ziendelee hivyo hivyo, na wiki ijayo tunapiga lipu.

Mwalimu Mkuu alikuwa amesimama mlangoni, amekunja uso. Akaniambia jambo, sikuona haja ya kubishana naye. Yule bwana anaongea kama mtu mwenye pini mdomoni, midomo haifunguki, na ana masharubu juu yake. Mtu wa kulalamika tu.

Ama kuhusu kinyongo. Mimi ni shangazi niliyejua kwamba ni shangazi kwa kuletewa picha, miezi mitano baada ya mtoto kuzaliwa, kama mtu baki. Na leo wewe ndiye unayeuliza habari za kinyongo? Mtoto ana sura ya mama. Picha nimeibandika kwenye mlango wa kabati la vifaa. Basi.

Dada yako


Tarehe 19 Oktoba

Kwako Mhandisi,

Hatujaonana, ila michoro yako naiangalia kila siku. Mimi ndiye Mwalimu Mkuu wa shule inayohamia katika jengo analolijenga dada yako. Sipendi kupita nyuma ya mgongo wa mtu. Lakini mbele yake nimejaribu mara tatu, na mara zote tatu alinijibu juu ya rangi ya milango.

Kazi yake haina mfano. Sakafu imesawazishwa, milango inafunga, vyoo viko tayari, na mwanga unaoshuka katika madarasa yale ni mzuri hivi kwamba walimu wangu wameanza kubishana nani atapata lipi. Tatizo ni kuta. Juzi nilileta watoto wa madarasa matatu kwa majaribio. Nikiwa darasa la tatu nilisikia jedwali la mara saba kutoka la pili na wimbo kutoka la nne. Mwanafunzi wangu mmoja aliulizwa mji mkuu, akajibu hamsini na sita. Hata sikuweza kumkosoa, maana hesabu yenyewe ilikuwa sahihi.

Mkaguzi alipita siku hiyo kwa matembezi tu, hajaandika kitu. Aliniambia: "Nikija rasmi tarehe kumi na tisa Desemba nikasikia hivi, silipitishi." Mwenye maghala alikuwa naye. Alikuwa akitabasamu.

Kuna jambo la mwisho, naomba unisamehe kama navuka mpaka. Mimi si daktari. Wiki iliyopita gari la mchanga lilirudi nyuma kuelekea aliposimama dada yako. Dereva alipiga honi mfululizo. Sote tuligeuka, yeye hakugeuka. Fundi mmoja alimvuta mkono. Alipomwona dereva usoni ndipo alipoanza kumtukana, na matusi yake, nakuhakikishia, yalipita kuta zote.

Nakuandikia kwa sababu wewe ni ndugu yake na ndiye uliyechora. Mimi ninataka shule. Na sitaki anayeijenga avunjike moyo wakati imebaki hatua moja.

Wako katika kazi,
Mwalimu Mkuu


Tarehe 27 Oktoba

Dada, shikamoo.

Barua hii nimeichana mara mbili. Isome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukikasirika katikati, weka kidole hapo, urudi baadaye.

Nimewafikiria wale mama sita. Wote ni wa ukumbi ule ule. Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi na mama kutoka zamu. Mlikuwa mnaongea mezani kwa mikono na midomo bila kutoa sauti, kwa sababu siku nzima mashine mia na hamsini zilikuwa zinapiga na hakuna sauti ya binadamu iliyopenya. Mimi nilidhani mnanisengenya. Nakumbuka pia uzeeni mama alivyokuwa akifungulia redio, jirani akapata taarifa ya habari bila kuwasha ya kwake.

Dada, umepima ukimya kwa masikio ambayo kiwanda kilikwisha kuyachukua. Na nadhani mle ndani mlikuwa saba, si sita.

Sasa sikiliza hili, maana si la kuta. Miaka sita iliyopita nilipiga simu duka la vifaa. Nilingoja wakuite. Nikakuambia nimepata mtoto wa kike, na kwamba tumempa jina la mama. Ukanijibu, "Sawa, nitawaambia mafundi." Ukakata. Nilibaki nimeshika simu ile kama mjinga. Nikamwambia mke wangu, dada hajanisamehe kwamba nilisoma. Nikanyamaza miezi mitano, kisha nikatuma picha bila maneno. Miaka yote hii nimekuwa nikikuogopa, dada, kwa sababu ya sentensi ile moja.

Siku ile ulisikia nini?

Kuhusu kuta, usibomoe chochote. Bila shaka ghalani bado kuna magunia ya pamba taka. Tuongeze fremu za mbao juu ya tofali mpaka paani na tujaze pamba katikati. Pamba inameza sauti. Madarasa ya kati tutayatafutia taa.

Kijiti


Tarehe 4 Novemba

Kijiti,

Mwambie Mwalimu Mkuu, maana najua ni yeye, kwamba mimi nasikia ninachotaka kusikia.

Kuta ni zangu. Lipu imekauka.

Fundi Mkuu


Tarehe 21 Novemba

Mdogo wangu,

Niliweka kidole pale, nimerudi. Imechukua muda kidogo.

Baada ya kukuandikia ule ujumbe wa hasira nilikwenda kwa Bi Sindano kumsimulia ulivyonitukana. Nilimkuta jikoni amenipa mgongo. Nikamwita. Nikamwita tena. Mjukuu wake alikuwa ameketi mlangoni akanitazama kwa huruma, akaniambia kwa midomo, bila sauti, kama sisi tulivyokuwa tukifanya: "Mguse bega." Mtoto ambaye hajakanyaga kiwandani hata siku moja amejifunza lugha ya mashine ili aongee na bibi yake. Nikarudi nyumbani bila kusema nililoendea.

Siku ya pili nilisimama katikati ya darasa la tatu, nikawaambia mafundi waimbe wakiwa darasa la pili, na nikamwomba Mwalimu Mkuu asimame mbele yangu aniandikie ubaoni kila anachosikia. Alijaza ubao. Aliandika mpaka maneno ya wimbo, ambayo sitayarudia hapa, na kesho nitamkata mtu siku kwa ajili ya ubeti wa pili.

Mimi sikusikia chochote. Niliona chaki tu.

Utauliza kwa nini nilificha. Hesabu mwenyewe. Niliingia kwenye ujenzi nikibeba maji, mwanamke aliyeachishwa kiwanda, nikapanda mpaka nikawa naajiri waliokuwa wakinituma. Nani atampa kazi fundi asiyesikia mtu akipiga kelele "angalia juu"? Ndiyo maana nasimama mbele ya watu. Ndiyo maana nawachukia wenye masharubu. Simu naitikia "sawa, sawa" kwa sababu watu wengi wanaopiga simu wanataka kuambiwa sawa. Watu husema fulani ametia pamba masikioni. Sisi tulitiwa na kiwanda, na wakati wa kutufungia geti hawakuturudishia.

Siku ile ya simu nilisikia mvumo. Nilidhani ni mtu wa saruji anaahirisha kuleta mzigo.

Kwa hiyo niandikie. Yale uliyoyasema siku ile yaandike kama ulivyoyasema, mwanzo mpaka mwisho, usifupishe.

Sasa kazi. Wazo lako la pamba silitaki. Pamba ndani ya mbao, juu ya vichwa vya watoto, ni kiberiti kinachongoja mwenye kukiwasha. Ukumbi huu ulishika moto mara mbili nikiwemo, na mara zote ilianza na pamba taka. Lakini kwenye ghala la vipuri kuna vioo vya akiba vya paa, vimefungwa kwa majani makavu, havijaguswa. Nimehesabu mia nne na kumi na viwili, vilivyopasuka tisa. Tupandishe vioo juu ya tofali mpaka paani, mwanga upite na sauti ibaki kwao. Zile kona za mshazari juu kabisa nitajaza tofali. Hilo la sauti lipime wewe, maana mimi nimejiondoa katika kupima sauti. Kioo kimoja kinatosha au viwili? Jibu upesi. Nina wiki nne.

Dada yako


Tarehe 29 Novemba

Dada, shikamoo.

Viwili, vikiachiwa nafasi ya upana wa kiganja katikati, na puti pembezoni pasibaki hata tundu la sindano. Mchoro nimeuambatanisha. Kwa hesabu yangu unahitaji vioo mia tatu na themanini na nne. Vinatosha na kumi na tisa vinabaki, kwa ajili ya wale watoto watakaocheza mpira. Suala la moto uko sahihi na mimi nimeona haya. Nimeomba likizo. Nitafika tarehe kumi na tano na mke wangu na mtoto, tuna masikio sita mazima.

Haya ndiyo niliyosema siku ile:

"Haloo, dada? Ni mimi Kijiti. Dada, mtoto amezaliwa leo asubuhi, wa kike. Mzima, na mama yake mzima. Ana mikono mikubwa, daktari ameshangaa, mimi nimecheka kwa sababu ni mikono yako. Dada, tumempa jina la mama. Nilitaka wewe ujue wa kwanza, kabla ya mtu yeyote. Nisingefika hapa bila wewe. Dada? Uko hapo?"

Mdogo wako,
Kijiti


Tarehe 17 Januari

Mdogo wangu,

Mmeondoka na nyumba imepwaya. Mtoto amesahau kiatu kimoja. Nimekiweka kwenye kabati la vifaa chini ya picha yake. Asiletewe kingine, atakifuata mwenyewe likizo ijayo.

Mke wako ameniandikia kwamba unasimulia kila mtu habari za mkaguzi na unatia chumvi. Hukuwa ndani, ulikuwa nje unatafuna kucha. Basi mimi niliyekuwepo nikupe habari kamili. Aliingiza watoto madarasa yote kwa pamoja isipokuwa la sita, akawaambia waimbe, kila darasa wimbo wake. Akaingia la sita, akafunga mlango, akakaa. Nilimtazama usoni tu. Niliona mabega yake yakishuka. Kisha akamgeukia Mwalimu Mkuu, akasema kitu, na ile midomo yake haina masharubu, nikakisoma chote: "Hapa hata mimi ningefaulu." Akaweka sahihi. Mwenye maghala alikuwa uani na utepe wake wa kupimia. Nilimwomba aniazime, wangu umekatika.

Shule imefunguliwa Jumatatu. Watoto mia tatu na arobaini niliokuambia wameongezeka, ni mia nne na sita, kwa hiyo nimeshaanza kuliangalia lile bohari la rangi kwa jicho la madarasa mawili zaidi. Usianze kuchora mpaka nikuambie lina paa gani.

Sasa jambo ambalo sikutaka kukuambia, lakini nimegundua mimi na wewe tukifichana tunaharibu kuta.

Mwalimu Mkuu ameanzisha darasa la watu wazima, alasiri, watoto wakishaondoka. Aliniuliza nitaanzia wapi. Nikamwambia katikati ya darasa la sita, muhula wa pili, kwenye sehemu za desimali. Ndipo nilipoachia. Nimekaa safu ya mbele, juu ya yale matundu ya boliti ya mashine yangu. Niliyaacha makusudi nilipomwaga sakafu, nikayazungushia saruji. Miguu inayajua. Nyuma yangu wako Bi Sindano, Bi Mbio, Meneja na wale wengine watatu. Niliwabeba wote kwa maneno kwamba chai ni bure. Si bure.

Mwalimu Mkuu amenyoa masharubu.

Juzi alikuwa akieleza jinsi ya kugawanya. Alieleza vizuri, anatutazama, naye midomo sasa anaifungua kama mtu anayeimba. Kisha akageukia ubao na kuandika huku akiendelea kusema. Akawa anauambia ubao. Nikaona mgongo tu, na mkono unaokwenda.

Unajua ningefanya nini siku zote. Ningetikisa kichwa. Sawa, sawa. Ningekwenda nyumbani kubahatisha, kama nilivyobahatisha miaka yote, na niseme kweli, mara nyingi nilipatia.

Nikainua mkono. Hakuona, bila shaka. Nikagonga meza.

Akageuka. Nikasema, kwa sauti, wote waliopo wasikie kama wanaweza:

"Mwalimu, sikusikia. Rudia ukinitazama."

Akaniangalia. Halafu akaangalia nyuma yangu na uso wake ukabadilika, nami nikageuka kuona anaangalia nini.

Mikono sita ilikuwa juu.

Dada yako,
Darasa la sita